Siku Nne Nairobi na Mtoto wa Ekalakala

Nyumbani kwetu Ekalakala adhana hutoka katika simu. Pale tunapokaa, nje kidogo ya soko, sauti ya msikiti haitufikii. Kwa hiyo tangu binti yetu alipoanza kutambua sauti, amejua kwamba ikifika Adhuhuri kile kidude kilicho juu ya kabati kitalia, mama yake atatawadha, na baba yake, akiwapo, atatandika msala. Alipofika umri wa miaka mitatu na nusu alitupatia tafsiri yake mwenyewe. Jirani alimwuliza sauti ile ni ya nani, naye akajibu bila kusita, "Ni simu. Inataka chaji."

Tulicheka pamoja na jirani. Usiku, mtoto alipokwisha kulala, hatukucheka tena.

Ekalakala iko upande wa Masinga, katika kaunti ya Machakos. Ni nchi ya jua kali, mbaazi, ndengu na maembe, na si mbali na bwawa kubwa la Masinga lililokamilika katika Mto Tana mwaka wa 1981. Kazi ndiyo iliyotuleta huku kutoka pwani, na hatuna malalamiko. Majirani zetu Wakamba ni watu wa staha. Wakitaka kutualika chakula hutuletea kuku akiwa hai, tumchinje wenyewe, kisha wampike wao. Lakini Waislamu tulio karibu ni familia chache, na binti yetu alikuwa hajapata kumwona mwanamke mwingine akiswali isipokuwa mama yake, peke yake, pembeni mwa kitanda.

Bibi yake aliyeko Mombasa alilijua hilo. Kila Ijumaa alipopiga simu hakukosa neno lake: "Nileteeni mjukuu wangu akae nami, asome chuoni na wenzake. Huko bara atajifunza dini kwa nani?" Hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu hakuwa amekosea. Mmoja wetu aliona maneno yale yana haki ndani yake, na kwamba pengine mtoto apelekwe. Mwingine hakuweza hata kuyasikiliza mpaka mwisho. Jambo hilo lilikaa kati yetu miezi mingi kama chungu kilichoachwa jikoni, kila mtu akikipita bila kukigusa.

Ndipo tulipopata wazo la likizo. Tulikuwa na kibubu tulichokuwa tukitia shilingi 300 kila Jumamosi, na baada ya wiki 40 zilikuwamo shilingi 12,000. Kwa fedha hizo, Mombasa haikuwezekana kwa watu watatu kwenda, kukaa na kurudi kwa heshima, wala hatukutaka kufika kwa Bibi kabla ya kuwa na jibu lake. Nairobi iliwezekana. Tukaazimia kwenda siku nne, tumtembeze mtoto mjini kama watoto wengine watembezwavyo, na tumwonyeshe kwamba ile sauti si ya simu.

Tunaandika haya kwa familia zenye watoto wadogo, hasa zile ambazo riziki imezitoa pwani kama sisi. Si kwamba tulifanya vizuri. Mengine tuliyafanya vibaya, nayo tutayataja.

Kosa la kwanza lilikuwa katika daftari. Tulikaa jioni moja tukaandika mahali pa kwenda, na tulipomaliza palikuwa kumi na moja. Yalikuwamo makumbusho mawili, mbuga ya wanyama, kituo cha ndovu mayatima, jumba refu la mikutano la KICC, masoko, na bustani mbili. Orodha ile ilikuwa ya watu wazima wawili waliokaa bara muda mrefu wakiuota mji. Mtoto hakuwamo. Tulipojaribu kuipanga kwa saa tuligundua kwamba binti yetu hulala kila siku baada ya chakula cha mchana, hula kwa mwendo wa kinyonga, na hawezi kupita dimbwi la maji bila kusimama. Tukaanza kufuta.

Ndovu mayatima walituuma kuwafuta. Kituo hicho kimo ndani ya mbuga ya Nairobi, nacho hufungulia wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi, na ni lazima kuandikisha nafasi kabla. Kwa anayekaa upande ule ni jambo la raha. Kwetu sisi, tuliotarajia kufikia Pumwani, ilikuwa ni kuvuka mji mzima na mtoto mgongoni ili kukimbizana na saa moja. Tukaacha. Mwisho tulibakiwa na mambo matatu, na kanuni moja: jambo moja kwa siku, lianze baada ya kifunguakinywa, na tuwe tumerudi nyumbani kwa usingizi wa mchana. Alasiri tusipange lolote.

Swala ndiyo iliyotusaidia kuipanga siku kuliko saa ya ukutani. Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, nyakati zake hazipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Adhuhuri huingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa siku hizi huzikadiria kuwa kilomita themanini na kitu, humruhusu msafiri kupunguza Swala za rakaa nne na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Barabara yetu ilizidi kilomita mia moja. Na kwa kuwa tuliingia Jumatatu na kuondoka Alhamisi, siku kamili za kukaa hazikufika nne, ruhusa ikabaki mikononi mwetu. Wazazi wenye mtoto mdogo wanaijua thamani yake. Kuzikusanya Swala mbili mtoto akiwa usingizini ni rehema ambayo tulikuwa tumeisoma vitabuni tu. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, hata hivyo, utakamilisha rakaa nne pamoja naye.

Tulichagua wiki ya tatu ya Januari, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Asiye na mwanafunzi nyumbani asisafiri wakati wa likizo za shule: nauli hupanda, na kila mahali pa watoto pamefurika. Januari pia ni msimu wa maembe, tukapata zawadi isiyotugharimu: kikapu cha ngowe. Ngowe ni embe la pwani lililohamia Ukambani likastawi, na tulipenda kumpelekea mwenyeji wetu mhamiaji mwenzetu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya barabara. Tulitoka alfajiri hadi Matuu, kisha tukapanda matatu ya Nairobi katika njia kuu itokayo Garissa kwenda Thika. Tulimlipia mtoto kiti chake. Utingo alishangaa, akatukumbusha kwamba mtoto wa umri ule hupakatwa bure, lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba fedha ile ndiyo ya kwanza kutumika na ya mwisho kujutiwa. Kosa letu la pili lilikuwa limekwisha kutokea kabla ya Matuu. Tulimpa chai ya maziwa na yai asubuhi ile, kwa huruma, na vyote vikarudi juu ya buibui la mama yake. Mtoto asiyezoea gari apewe mkate mkavu na maji kidogo kidogo. Kanga mbili za akiba zisiwekwe ndani ya begi lililo chini ya mizigo ya watu, kama tulivyofanya.

Baada ya Matuu alituliza tumbo, akatazama dirishani. Upande wa kushoto Kilimambogo ulijitokeza peke yake katika tambarare, mlima wa mita 2,145. Tulimwambia kwamba juu yake wako nyati, na kwamba amezikwa huko mtu mmoja tajiri aliyeitwa McMillan, na kwamba mjini tutaona simba wake. Aliuliza kama simba hao wanauma. Tukasema ni sanamu. Hakuridhika.

Mwenyeji wetu alikuwa shangazi wa baba, mkaazi wa Pumwani tangu ujana wake. Kwa wasioijua, Pumwani ni mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika wa Nairobi, na Waislamu wametia mizizi pale tangu mwanzo. Utasikia Kiswahili kitamu katika vichochoro vyake, utanusa mahamri asubuhi, utaona vibaraza, na papo hapo kelele za Gikomba zinakufikia. Si mtaa wa kitalii. Mabati ni ya zamani, mitaro haipendezi, na mtoto hapaswi kuachwa mkono. Lakini tulipofika, Shangazi alimpokea mtoto kabla ya kutupokea sisi, akamvua viatu, akamwosha miguu, akamlaza.

Tulikuwa tumepanga kwamba mtoto aisikie adhana katika Msikiti wa Jamia, Jumatano, kwa mpango maalumu. Tulijiona wenye busara sana. Jioni ile ile ya Jumatatu, tukiwa tumekaa barazani na Shangazi, mtoto akimenya embe kwa meno, Magharibi iliingia. Ilianza kwenye msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, kisha ikatoka kwa mbali upande wa Eastleigh, sauti zikipishana juu ya mabati. Binti yetu aliacha embe. Alitazama juu, akatazama nyumba ya pili, akamgeukia mama yake kwa uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Mama, simu za watu wote zataka chaji?"

Shangazi hakucheka. Alimpangusa mikono kwa upindo wa leso, akamwambia, "La, mjukuu wangu. Huyo ni mtu. Amesimama pale msikitini anatwita. Na yule mwingine ni mtu, naye anawaita wa kwao." Mtoto akauliza jina la mtu yule. Shangazi, kwa kuwa amekaa mtaani miaka yote hiyo, alilijua jina lake, akamtajia. Sisi wawili tuliangaliana. Tulikuwa tumetayarisha maelezo marefu kuhusu Bilali na minara, na hatukuyahitaji.

Jumanne tulimpeleka Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi kutoka stesheni ya zamani. Tukiulizwa na wazazi wenzetu ni mahali gani pa Nairobi pa kumpeleka mtoto wa miaka mitatu, tutataja hapa kabla ya pengine pote. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka wa 1971, na utajiri wake umeegeshwa nje: injini kuu kuu za mvuke, nyeusi, kubwa kuliko nyumba yetu, na nyingine waweza kuzipanda. Mtoto alipanda, akashuka, akapanda. Alishika kila chuma. Masizi ya miaka mingi yakahamia katika gauni lake. Tulikaa saa mbili na nusu, na hatukulazimika kumwambia "usiguse" ila mara chache.

Hapo pia tuliteleza. Kuna behewa ambalo kwalo afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima, Ukambani, mwaka wa 1900, alipokuwa akimvizia simba huyo usiku naye usingizi ukamshika. Mmoja wetu alikisimulia kisa hicho kwa mwenzake kwa sauti ya chini. Mtoto ana masikio. Tangu dakika ile alitaka kujua Kima ni karibu na kwetu au ni mbali, na jibu la kwamba ni mbali alilihitaji mara nane kabla ya kulala.

Jumatano ikawa siku ya Jamia. Tulifika mapema, saa tano, ili awe na muda wa kuuona msikiti kwa nje: makuba yake matatu ya rangi ya fedha, minara miwili, na milango iliyonakshiwa kwa aya. Jengo hili lilikamilika mwaka wa 1933, na kwa mtu wa pwani aliyezoea misikiti ya chokaa yenye vibaraza vya chini, linaonekana limesafiri kutoka Bara Hindi, jambo ambalo si mbali na ukweli, kwani Waislamu waliolisimamia wengi wao walikuwa na asili ya huko. Kando yake iko Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa kumbukumbu ya yule yule aliyezikwa Kilimambogo. Kwa sehemu kubwa ya wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hata gazeti. Simba wake wako mlangoni. Tulimwambia mtoto akawaguse. Alitazama kwa hatua kumi, akatuambia kwamba wale ni wa Kima, akakataa katakata. Hatukumlazimisha.

Wanawake wana sehemu yao msikitini. Ni vyema kuuliza mlango wake na mahali pa kutawadhia mapema, kabla ya umati wa Adhuhuri. Tulikuwa na maandalizi machache ambayo tunayapendekeza. Mtoto awe amekwisha kula na kwenda msalani. Achukue kitu kimoja cha kushika kisicho na sauti. Nambari ya simu iandikwe kwa wino mkononi mwake, chini ya mkono wa gauni, na wazazi wakubaliane mahali pa kukutana baada ya Swala, kwa sababu watu wakimwagika mtaani pamoja ni vigumu kuonana. Sisi tulichagua ngazi za maktaba, kwa masikitiko ya mtoto.

Ilipokimiwa Swala, safu zilijipanga. Binti yetu alisimama ubavuni mwa mama yake akizunguka kichwa. Wanawake wa kila namna walikuwapo: wafanyakazi wa ofisi waliovua viatu vya kisigino, wauza duka, wanafunzi, Wasomali, Waswahili, Wahindi, na bibi mmoja wa Kikikuyu aliyetuambia kabla ya Swala kwamba alisilimu akiwa msichana. Mtoto alivuta buibui la mama yake.

"Hawa wote wanafanya kama wewe?"

Hakupata jibu, kwa kuwa mama yake alikuwa amekwisha kuhirimia. Bibi yule wa Kikikuyu, kabla ya kufunga Swala yake, alisogea kidogo akaacha nafasi ya mtu mdogo kati yake na mama mtu. Mtoto aliitazama nafasi ile, kisha akaingia. Alirukuu wakati wengine wamesimama, akasujudu wengine walipokaa, na katika rakaa ya tatu alilala kifudifudi hapo hapo mkekani, usingizi wa saa saba ukiwa umemfikia. Alibebwa mgongoni kwa mbeleko mpaka Pumwani. Hakuyaona Soko la City wala maua yake, ambayo yalikuwa katika daftari letu.

Jioni tulimpigia Bibi. Mtoto alichukua simu akamweleza mambo matatu kwa mpangilio wake: amepanda treni nyeusi, kuna simba mbaya mlangoni mwa vitabu, na "kule kuna mama wengi wanaswali na mimi nikawekewa pangu." Bibi alimwuliza tena neno hilo la mwisho. Mtoto akalirudia kwa kuchoka, kama mtu anayemweleza asiyesikia vizuri.

Alhamisi tulifanya kosa la mwisho, la kuchomeka jambo katika asubuhi ya kuondoka. Tulipita Makumbusho ya Taifa kumwona Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu mno hata Rais Jomo Kenyatta akamwekea ulinzi kwa amri, akalindwa mpaka alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu yake ya ukubwa wa kweli imesimama uani. Mtoto alifurahi kusikia kwamba ndovu ana jina la babu yake, lakini furaha ilidumu robo saa. Alikuwa amechoka, na sisi tulikuwa na mabegi. Mahali pale panastahili siku yake. Tutakaporudi tutaanzia hapo.

Kwenye kibubu zilirudi shilingi 3,400. Tulikuwa tumetenga 3,000 za dharura ambazo hazikuguswa, alhamdulillahi, na 400 zilizobaki zilitokana na Shangazi kukataa katakata tusinunue hata unga.

Wiki mbili zimepita tangu turudi Ekalakala. Simu bado iko juu ya kabati na bado hulia kwa wakati wake. Lakini sasa ikilia binti yetu hutangaza kwamba mtu anaita, na jina analolitaja ni la yule mwadhini wa Pumwani, kila Swala, kila siku. Kisha hukusanya ndala zote za nyumbani, zetu, zake, na za jirani akiwa amekuja, akazipanga safu moja mbele ya msala, zikigusana, akaacha pengo katikati, akasimama yeye.

Kuhusu chuo, bado hatujakata shauri. Ataingia umri wa kuanza kusoma karibuni, na safu ya ndala si darasa; hilo tunalijua. Tumewasiliana na familia nyingine mbili za upande wa Matuu zenye watoto wa rika lake, tuone kama twaweza kuwakusanya Jumamosi na Jumapili kwa mwalimu mmoja.

Ijumaa iliyopita Bibi alipiga simu kama kawaida. Tulingoja neno lake. Aliuliza habari za mvua, akauliza habari za maembe, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza mtu akitoka Mombasa anashukia wapi kwenda huko kwenu, na kama nyumba ina kitanda cha mtu mzima mwenye magoti mabovu.